Kama ugali na nyasi vyote ni glukosi, mbona hatuli nyasi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Tumefundishwa kwamba viumbe hai vimejengwa kwa molekuli kubwa za kikaboni za aina nne: kabohaidreti, lipidi, protini na asidi nukleiki. Nazikariri, lakini siku ya mtihani zinanichanganya. Mwalimu wetu alisema wanga wa ugali na selulosi ya nyasi vyote vimetengenezwa kwa glukosi. Kama ni glukosi ileile, kwa nini mtu akila nyasi hapati nguvu, na ng'ombe anapata? Mwenzangu anasema ni kwa sababu nyasi ni ngumu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako amekuambia matokeo akidhani ni sababu. Nyasi ni ngumu, sawa, lakini hata ukizisaga zikawa laini kuliko sembe, ukazipika na kuzila, bado hutaipata glukosi iliyomo. Sababu iko ndani zaidi, katika namna glukosi moja ilivyoshikanishwa na nyingine. Nakuomba ulishike hilo tangu sasa, kwa sababu ndilo litakalokutoa kwenye kukariri. Katika molekuli za uhai, kujua kitu kimetengenezwa kwa nini hakutoshi. Lazima ujue kimepangwaje.

Tuanze na glukosi yenyewe. Molekuli yake moja ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Ikiwa ndani ya maji, karibu yote hujikunja ikawa pete yenye pembe sita: tano ni kaboni, moja ni oksijeni. Kwenye kaboni ya kwanza ya pete hiyo kuna kundi la OH, yaani oksijeni na haidrojeni, na kundi hilo linaweza kuelekea chini au juu, kwa jinsi tunavyoichora pete vitabuni. Likielekea chini tunaiita glukosi ya alfa. Likielekea juu ni ya beta. Tofauti ni hiyo tu, na glukosi ikiwa peke yake ndani ya maji haina maana kubwa, kwa sababu alfa hugeuka beta na beta hugeuka alfa muda wote.

Zikiungana, mwelekeo huo hauwezi tena kugeuka. Glukosi mbili zinaposhikana, molekuli moja ya maji hutoka na zenyewe hubaki zimeunganishwa na oksijeni. Mmea unapotengeneza wanga wa kuweka akiba kwenye punje ya mahindi au kwenye muhogo, hutumia kifungo cha alfa, na mnyororo unaopatikana hujisokota. Mmea huohuo unapojenga ukuta wa seli zake hutumia kifungo cha beta. Hapo kila glukosi hukaa imepinduliwa kinyume cha jirani yake, na mnyororo wote hunyooka. Minyororo iliyonyooka hulala ubavu kwa ubavu na kushikana kwa vifungo vya haidrojeni. Kifungo kimoja cha namna hiyo ni dhaifu, lakini viko vingi mno, na mwishowe unapata kitu mfano wa mzigo wa kuni uliokazwa kamba kuanzia juu hadi chini. Maji hayana pa kupenya. Ndiyo maana shati la pamba, ambalo karibu lote ni selulosi, hulifua mwaka hadi mwaka na haliyeyuki, ilhali unga wa mahindi ukikutana na maji ya moto huvimba, hufunguka na kuwa uji.

Unaweza kuliona hili kwa macho yako. Omba iodini kidogo maabara ya shule, udondoshe tone moja juu ya kipande cha ugali uliopoa. Utaona rangi ya buluu iliyokolea hadi inakaribia weusi. Iodini imeingia ndani ya ule msokoto wa wanga na kujipanga humo. Kisha dondosha tone jingine kwenye pamba safi. Rangi itabaki ya kahawia, kwa sababu selulosi haina msokoto wa kuikaribisha. Usitumie karatasi badala ya pamba. Viwandani karatasi nyingi hutiwa wanga ili wino usisambae, kwa hiyo inaweza kugeuka buluu ikakudanganya kwamba selulosi nayo imejibu.

Sasa twende kinywani. Mate yako yana kimeng'enya kiitwacho amailesi, na kazi yake ni kuvunja vifungo vya alfa vya wanga kwa kurudisha ile molekuli ya maji iliyotoka wakati wa kuungana. Tafuna kipande cha mkate au ugali pole pole, bila kumeza, na baada ya muda utaanza kusikia utamu. Huo ni utamu wa maltosi, sukari ya glukosi mbili mbili. Ushahidi mzuri zaidi uko jikoni, na kina mama wengi wanaujua bila kuuita baiolojia: pika uji mzito wa mahindi, uache upungue moto hadi uwe vuguvugu, kisha koroga humo kijiko cha unga wa kimea cha ulezi. Baada ya dakika chache uji uliokuwa umeshikana na mwiko utateremka kama umeongezewa maji, na hukuongeza hata tone. Ulezi unapochipua hutengeneza amailesi kwa wingi ili kuvunja akiba yake ya wanga, na wewe umeiazima. Ukiutia unga huo wakati uji bado unachemka haitatokea kitu, kwa sababu joto kali huharibu umbo la kimeng'enya. Na kama uji huo ni wa mtoto, uchemshe tena ukishalegea, kwani kimea hubeba vijidudu tangu kilipokuwa kikichipuliwa.

Kimeng'enya hufanya kazi kwa sababu kina sehemu yenye umbo maalumu ambamo molekuli fulani hukaa sawasawa. Amailesi inakipokea kifungo cha alfa. Cha beta hakiingii. Mwili wako hautengenezi kimeng'enya cha kuvunja selulosi, wala wa nyani, wala wa tembo.

Na wala wa ng'ombe. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kumeng'enya nyasi. Alicho nacho ni tumbo la kwanza kubwa sana, ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba lita 100 na zaidi, lenye joto, unyevu na bakteria, protozoa na kuvu wasiohesabika. Hao ndio wenye vimeng'enya vya kuvunja kifungo cha beta. Wanaivunja selulosi, wanapata glukosi, na wanaila wao wenyewe. Kwa kuwa humo ndani hakuna oksijeni, hawaichomi hadi mwisho. Wanabakiza asidi fupi fupi: asetiki, propioniki na butiriki. Ng'ombe hufyonza asidi hizo, na ndizo zinazompa sehemu kubwa ya nguvu. Glukosi anayoihitaji kwa ubongo na kwa maziwa huitengeneza upya kwenye ini, hasa kutokana na ile asidi ya propioniki. Baadaye bakteria wenyewe husukumwa kwenda matumbo yanayofuata, humeng'enywa na kumpa protini. Kwa hiyo ukiulizwa ng'ombe anapataje glukosi ya nyasi, jibu sahihi ni kwamba kwa sehemu kubwa haipati kabisa. Anaishi kwa mabaki ya wageni wake, kisha anawala na wenyewe.

Mchwa wanaojenga vichuguu virefu katika mbuga zetu wana njia yao. Hukusanya majani makavu na vijiti, wakalima juu yake kuvu ndani ya kichuguu, na kuvu hiyo huwasaidia kuyavunja. Ule uyoga mkubwa unaochipuka kwenye vichuguu mvua zikianza, ambao watu huamka alfajiri kuuwahi, ni zao la shamba hilo.

Kuna kifungo kingine cha beta ambacho baadhi yetu tunakiweza na baadhi hatukiwezi. Laktosi, sukari ya maziwa, ni galaktosi na glukosi zilizoshikana kwa beta. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kuivunja, laktesi, lakini kwa watu wengi duniani hupungua sana baada ya utoto, na maziwa yanawavuruga tumbo. Katika jamii zilizofuga kwa maelfu ya miaka, wengi hubaki nacho hadi uzeeni. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudani, wakaonyesha kwamba badiliko la kinasaba linalowapa wafugaji wa huku uwezo huo si lile la Wazungu. Uwezo uleule ulizuka mara zaidi ya moja, kila mahali kwa badiliko lake.

Umeniuliza pia kuhusu zile aina nne. Nitaanza na kaboni, kwa sababu bila hiyo hakuna hata moja. Atomi moja ya kaboni hushikana na nyingine hadi nne kwa wakati mmoja, na hushikana kwa nguvu na kaboni wenzake. Hivyo inaweza kujenga mnyororo, tawi au pete, kwa urefu wowote. Ukipima mwili wa binadamu, oksijeni ni kama asilimia 65 ya uzito, nyingi ikiwa kwenye maji, na kaboni ni kama asilimia 18. Ukiondoa maji, kaboni ndiyo inayobeba jengo.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 wakemia wengi waliamini kwamba vitu vya viumbe hai haviwezi kutengenezwa maabara, kwa kuwa vinahitaji nguvu fulani ya uhai. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler, Mjerumani, alikuwa akijaribu kutengeneza amonia saianeti, chumvi ambayo haikutoka kwa kiumbe chochote. Alipoivukisha alipata fuwele nyeupe za kitu kingine: urea, ileile inayotoka katika mkojo. Imani ile ya zamani haikufa siku hiyo, lakini ilianza kuyumba. Mimi kinachonigusa zaidi katika habari hii ni hesabu. Amonia saianeti ina kaboni 1, oksijeni 1, nitrojeni 2 na haidrojeni 4. Urea nayo ina kaboni 1, oksijeni 1, nitrojeni 2 na haidrojeni 4. Hakikuongezwa kitu wala hakikupunguzwa. Atomi zilijipanga upya tu, na chumvi ikawa urea, hii tunayoimwaga leo shambani kama mbolea.

Lipidi nitazipitia haraka, ila nikuonye jambo moja. Vitabu huzipanga pamoja na zile nyingine tatu, nanyi mnaandika kwamba zote nne ni minyororo mirefu ya vipande vinavyojirudia. Lipidi si hivyo. Mafuta ya kula ni gliseroli moja iliyoshikana na asidi za mafuta tatu, basi. Hakuna kujirudia. Lakini kanuni ya umbo iko palepale. Chukua asidi ya mafuta yenye kaboni 18. Ikiwa imenyooka, bila kifungo pacha chochote, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana mara mbili, inaitwa asidi ya steariki, na huyeyuka kwenye nyuzijoto karibu 69. Weka kifungo pacha kimoja katikati, cha aina inayoukunja mkia, na unapata asidi ya oleiki, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 13 au 14 hivi. Kaboni ni zilezile 18. Mikia iliyokunjika haipangani vizuri, kwa hiyo hubaki kimiminika, na ndiyo maana mafuta ya alizeti hayagandi kwenye kabati lako. Mafuta ya nazi asidi zake karibu zote zimenyooka, ila ni fupi, basi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Chupa ileile ni maji Dar es Salaam na ni jiwe Lushoto mwezi wa Julai, na haijachakachuliwa.

Kifungo pacha hichohicho kikipinduliwa upande wa pili, mkia hunyooka tena. Hayo ndiyo mafuta ya transi, yanayotokea zaidi pale mafuta ya mimea yanapogandishwa kwa haidrojeni kiwandani. Yanadhuru moyo na mishipa, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote kuyaondoa kwenye vyakula vya viwandani. Hesabu ya atomi ni ileile ya asidi ya oleiki.

Protini zinastahili muda zaidi. Hujengwa kwa aina 20 za asidi amino zilizoshikana mfululizo, na mpangilio wao ndio unaoamua mnyororo ujikunjeje. Kukunjwa huko ndiko kunakoipa protini kazi yake. Yai likiingia kwenye maji yanayochemka, protini za ute hufunguka na kushikana ovyo, ute unakuwa mweupe na mgumu. Asidi amino zote bado zimo, kwa idadi na kwa mfuatano uleule. Kilichopotea ni umbo, na yai hilo halitatoa kifaranga tena.

Kati ya hizo 20, tisa mwili wako hauwezi kuzitengeneza, lazima uzile. Mahindi yana upungufu wa mojawapo, laisini. Maharage yana laisini nyingi, ila yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo ya kuridhisha. Kwa hiyo sahani ya makande ina protini bora kuliko mahindi peke yake au maharage peke yake. Nalisema hili kwa sababu nasikia vijana wa bweni wakiyadharau makande kama chakula cha shida, na napenda wajue wanachokula.

Sasa mfano ambao ningependa usiusahau. Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ina minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja una asidi amino 141, na miwili ya beta, kila mmoja una 146. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa selimundu, kwenye mnyororo wa beta, nafasi ya sita, pale penye asidi ya glutamiki pamekaa valini. Nyingine zote 145 ni sawa. Lakini glutamiki ina chaji na hupenda maji, na valini huyakwepa. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujichomeka kwenye mfuko mdogo ulio kwenye hemoglobini ya jirani, nayo ya jirani kwa inayofuata, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ngumu. Seli nyekundu ya damu inavutwa, inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo. Hayo ndiyo maumivu ya mifupa na kifua unayoyaona kwa mwenzako darasani. Mwaka 1949 mkemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko kwenye molekuli yenyewe ya hemoglobini, na mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha kwamba sehemu ndogo moja tu ya protini hiyo ndiyo iliyobadilika.

Chanzo kiko kwenye asidi nukleiki. DNA, asidi nukleiki inayobeba maagizo ya urithi, huyaandika kwa vipande vya aina nne tu viitwavyo besi: adenini, guanini, saitosini na thaimini, na kila besi tatu zinazofuatana huagiza asidi amino moja. Maagizo ya ile nafasi ya sita ni GAG, yaani guanini, adenini, guanini. Kwa mwenye selimundu ni GTG. Besi moja, kati ya jozi zipatazo bilioni 3 zilizomo kwenye seti moja ya vinasaba vya binadamu. Anayerithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili huugua. Anayelirithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui, na tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Hilo lilionyeshwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake huku Afrika Mashariki. Ndiyo maana badiliko hilo limeenea zaidi kwenye maeneo yenye malaria, kama pwani yetu na kandokando ya Ziwa Victoria. Halikuletwa na laana, na mzazi hana kosa lolote. Ukimsikia mtu akimwambia mwenzako vinginevyo, msahihishe.

Dawa inayotumika sana kwa wagonjwa hao inaitwa haidroksiurea. Huufanya mwili uendelee kutengeneza hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta, kwa hiyo haina ile valini, na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo zile nyuzi zinavyoshindwa kujijenga. Hupewa kwa usimamizi wa daktari na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Molekuli yake ukiichora kwenye daftari utaitambua mara moja: ni urea ya Wöhler, imeongezewa atomi moja ya oksijeni.